Mkono Unaoisubiri Neva

Mdogo wangu aliingia katika chumba cha fiziotherapia akiwa anafinya mpira. Ulikuwa mpira laini wa kijani, aliopewa na mafundi wenzake walipokuja kumjulia hali, nao walimsisitiza aufinye mchana kutwa ili mkono urudishe nguvu. Aliutii ushauri huo kwa bidii ambayo sijawahi kumwona akiitumia katika jambo jingine lolote. Mtaalamu, dada mpole wa sauti lakini mchache wa maneno, alimtazama kidogo, kisha akasema, "Kaka, naomba huo mpira." Akauweka juu ya kabati la mafaili, akavuta kiti, akaanza kazi.

Nilisubiri aeleze sababu. Hakueleza siku ile, kwa maana benchi la nje lilikuwa limejaa watu.

Jambo hilo limenisumbua kwa wiki nyingi. Mtu ambaye mkono wake umeishiwa nguvu anazuiwa kuutia nguvu, tena na mtu yuleyule aliyeajiriwa kumfanyisha mazoezi. Nilianza kuuliza, kusoma na kumsindikiza kliniki hata siku ambazo hakuhitaji kusindikizwa, na nilichokikuta kimebadilisha namna ninavyoielewa kazi ya fiziotherapia kwa mtu aliyeumia neva ya ulna, mshipa wa fahamu unaoteremka mkononi hadi upande wa kidole cha mwisho.

Kioo

Mdogo wangu ni fundi wa madirisha ya aluminiamu na vioo. Kipande cha kioo kilimteleza kikamkata kwenye kifundo cha mkono wa kulia, upande wa kidole cha mwisho. Katika kituo cha kwanza damu ilizuiwa, ngozi ikashonwa, akachomwa sindano ya pepopunda, akapewa dawa na kuruhusiwa kurudi nyumbani. Yote hayo yalikuwa sahihi. Hakuna aliyemwomba apanue vidole.

Jeraha lilifunga vizuri kwa nje. Kidole cha mwisho, hata hivyo, kilianza kujitenga na wenzake; kila alipoingiza mkono mfukoni kutoa simu, kidole hicho kilibaki nje, kikanasa kwenye mdomo wa mfuko. Halafu nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, ile inayotuna mtu anapobana vidole hivyo viwili, ikaanza kunywea hadi pakawa na shimo. Ndipo tulipokwenda hospitali kubwa.

Huko walimpa karatasi aibane kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mikono yote miwili, kisha daktari akaivuta. Upande wa kushoto gumba lilibaki limenyooka na karatasi haikutoka. Upande wa kulia gumba lilijikunja kwenye kiungo cha ncha, likijaribu kuishikilia karatasi kwa msuli usiohusika. Kipimo hicho kilielezwa na Jules Froment, daktari Mfaransa, mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa kutumia gazeti. Hakihitaji umeme, mashine wala bima. Ninakiri kwamba sielewi kwa nini hakifanyiki katika kila chumba kinachoshona majeraha ya mkono.

Neva ilikuwa imekatwa kabisa. Kwa kuwa muda ulikuwa umepita na ncha zake zimerudi nyuma, daktari wa upasuaji alilazimika kuchukua kipande cha neva nyingine nyuma ya muundi wa mguu na kukipachika katikati. Tangu hapo ubavu wa nje wa unyayo wake una ganzi. Yeye husema mguu umeulipia mkono deni.

Upande unaoshinda

Maelezo ya mpira yalikuja siku ambayo kliniki ilikuwa na nafasi.

Vidole vyetu vinaendeshwa na makundi mawili ya misuli. Lipo kundi refu, ambalo misuli yake imelala kati ya kiwiko na kifundo na kuvivuta vidole kwa kano, yaani kamba zinazounganisha msuli na mfupa. Na lipo kundi dogo, lililomo ndani ya kiganja chenyewe, kati ya mfupa na mfupa. Misuli mirefu hukunja na kunyoosha kwa nguvu. Misuli midogo ndiyo inayokunja kidole kwenye fundo lake la chini huku ikivinyoosha viungo viwili vya mbele, ndiyo inayopanua na kubana vidole, na bila hiyo mtu hawezi kufunga kifungo cha shati, kushika ufunguo wala kuweka kidole cha kati juu ya cha shahada. Sehemu kubwa ya misuli hiyo midogo inategemea neva ya ulna, ile inayopita nyuma ya kiwiko na kutupiga shoti tunapojigonga kwenye kona ya meza.

Neva ikikatwa kwenye kifundo, misuli midogo inanyamaza, lakini misuli mirefu, ambayo ilipata matawi yake huko juu karibu na kiwiko, inabaki salama. Matokeo yake ni mchezo wa kuvuta kamba ambao timu moja imeondoka uwanjani: kano za mgongo wa mkono zinalivuta fundo la chini kwenda nyuma, kano za kiganjani zinazivuta ncha kwenda ndani, na kidole cha pete pamoja na cha mwisho vinajikunja bila mwenyewe kutaka.

Sasa mtu huyo mpe mpira aufinye.

Anayefinya mpira anatumia misuli mirefu ya kukunja, ambayo haikuumia na ambayo tayari inashinda. Anaweza kuufinya hadi jioni, ngumi ikawa nzito kweli, na misuli midogo isiongezeke hata chembe, kwa sababu msuli usiofikiwa na neva haujengwi kwa jasho. Zaidi ya hapo, katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji, kukaza kifundo kwa nguvu kunaweza kuivuta neva iliyotoka kushonwa. Mpira wenyewe si sumu. Utarudi misuli midogo itakapoamka. Tatizo lilikuwa kwamba sote tuliuona kuwa ndiyo tiba, na mgonjwa aliyechoka kufinya mpira hana hamu ya kufanya lile linalohitajika.

Linalohitajika nililiona kwa macho yangu. Mtaalamu alimwambia anyooshe vidole. Kidole cha pete na cha mwisho vikabaki vimejikunja, huku mafundo yake ya chini yakibonyea kuelekea nyuma. Kisha akaweka vidole vyake viwili juu ya mgongo wa vidole hivyo, karibu kabisa na mafundo, akavisukuma chini taratibu na kumwambia, "Nyoosha tena." Vikanyooka, moja kwa moja, mbele yetu.

Mdogo wangu alicheka kwa sauti. "Kumbe vinaweza!"

Vinaweza, kwa kuwa fundo la chini likizuiwa lisirudi nyuma, kano ya mgongo wa mkono inapata nafasi ya kuvinyoosha viungo vya mbele. Kwenye jambo hilo ndipo linapotoka banzi lake: kipande chepesi kinachokaa mgongoni mwa vidole viwili na kingine kiganjani, kikiyashika mafundo yakiwa yamekunjwa kidogo na kuuacha mkono uendelee na shughuli. Penye uwezo hutengenezwa kwa plastiki maalumu inayolainika kwenye maji ya moto. Pasipo na uwezo, wataalamu hukata bomba la maji la plastiki, wakalipasha moto na kulikunja kufuata mkono, wakaweka kitambaa ndani. La kwake ni la bomba, na sijaona kasoro yake yoyote isipokuwa rangi.

Milimita moja

Mwaka 1850 Augustus Waller, Mwingereza, alionyesha kwa kutumia vyura kwamba neva ikikatwa, sehemu iliyotengwa na mwili wa seli, yaani chanzo kinachozilisha nyuzi za neva, hufa yote hadi mwisho wake. Kwa hiyo kushonwa hakuiunganishi neva jinsi fundi umeme anavyounganisha waya ukawaka papo hapo. Kunaunganisha njia tupu, na nyuzi mpya zinapaswa kukua kutoka kwenye kovu kwenda mbele, kwa kasi inayokadiriwa kuwa milimita 1 kwa siku, yaani kama sentimita 2.5 hadi 3 kwa mwezi, baada ya wiki chache za kujipanga.

Hesabu hiyo ndiyo inayowachosha wagonjwa. Kutoka kwenye kifundo hadi kwenye misuli ya kati ya gumba na shahada ni kama upana wa kiganja, ambao ni miezi kadhaa. Kutoka kwenye kiwiko ni mwaka na ushee. Nao msuli haungoji milele: usipofikiwa na neva ndani ya miezi 12 hadi 18, hugeuka polepole kuwa mafuta na kovu, na hata nyuzi zikifika baadaye, zinakuta hakuna wa kumwamrisha.

Katika kipindi chote hicho hakuna cha kuona. Kilichopo ni kusikia tu: mtaalamu hugonga kwa ncha ya kidole juu ya njia ya neva, akianzia mbali na kurudi kuelekea kwenye kovu, na mahali ambapo mgonjwa anahisi shoti ikikimbilia kidole cha mwisho ndipo nyuzi mpya zilipofika. Jules Tinel wa Ufaransa na Paul Hoffmann wa Ujerumani walikieleza kipimo hiki kila mmoja kivyake mwaka uleule wa 1915, nchi zao zikiwa vitani, kila mmoja akiwa na majeruhi wa upande wake wa kuwagonga.

Mtaalamu wetu huweka alama ya kalamu mahali hapo na kupima umbali kwa rula. Mdogo wangu haamini jambo lolote kliniki kuliko alama ile.

Kupona kunapofanana na kuharibika

Kwenye benchi tulizoeana na kijana wa bodaboda aliyevunjika karibu na kiwiko, neva yake ya ulna ikaumia hapohapo. Kwa miezi mingi vidole vyake vilionekana vizuri kuliko vya mdogo wangu: vilijikunja kidogo tu, na yeye alijihesabu kuwa mwenye bahati. Halafu siku moja alikuja amenuna. Vidole viwili vilikuwa vimeanza kujikunja zaidi, wiki hata wiki, na mama yake alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mazoezi ndiyo yanayomharibu.

Alitaka kuacha. Ningekuwa mimi, pengine ningeacha pia.

Maelezo aliyopewa yaligeuza mawazo yangu kuliko yote niliyosoma. Jeraha la juu, kwenye kiwiko, hunyamazisha pia msuli mrefu unaokunja ncha za vidole hivyo viwili. Hakuna anayezivuta ndani, kwa hiyo mkono unapendeza machoni ingawa umeumia zaidi. Nyuzi zinapokua kuteremka kutoka kwenye kiwiko, msuli wa kwanza kufikiwa ni huohuo mrefu, kwa kuwa uko karibu. Unaamka, unaanza kuvuta, na misuli midogo ya kiganjani bado haijafikiwa. Vidole vinajikunja zaidi kwa sababu neva inapona.

Hapo ndipo kazi ya mtaalamu inapokuwa na thamani yake kamili, na ndipo inapoonekana kama uongo. Katika miezi hiyo viungo vikiachwa vijikunje, ngozi ya ndani hufupika, kapsuli, yaani mfuko unaokizunguka kiungo, hukaza, na kinachokuja kufikiwa na neva mwishoni ni mlango uliokwisha kuganda kwenye bawaba zake. Yule kijana alifungwa banzi siku hiyohiyo na kufundishwa kuvinyoosha viungo vyake kwa mkono wa pili, taratibu, kila alipokaa kijiweni kusubiri abiria. Nasikitika kwamba ilibidi afike kwenye kununa ndipo aambiwe jambo ambalo lilijulikana tangu siku alipovunjika.

Ngozi isiyohisi

Kuhusu ganzi, mafunzo mengi tunayoyatumia leo yametoka kwa watu ambao jamii iliwakimbia. Neva ya ulna ndiyo inayoshambuliwa mara nyingi zaidi na ukoma, na vidole vya mdogo wangu vilifanana kabisa na picha za ukoma zilizokuwa zikibandikwa kwenye kuta za zahanati. Baadhi ya majirani waliona mfanano huo wakakaa mbali kidogo kwenye mkeka. Jambo hilo sitalisemea zaidi.

Huko Vellore, India, mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari Paul Brand alianza kuzifanyia upasuaji mikono ya wagonjwa wa ukoma, na akaja kuonyesha kwamba vidole vyao havikuoza kwa ugonjwa jinsi watu walivyodhani. Vilipotea kwa majeraha ya kila siku: sufuria ya moto, mpini wa jembe, msumari, kidonda kisichouma na kwa hiyo kisichotunzwa. Kutokana na uelewa huo ukaenea utaratibu ambao mdogo wangu anaufuata kila jioni: kuukagua mkono kwenye mwanga, kuuloweka majini, kuupaka mafuta ukiwa bado na unyevu ili ngozi isipasuke, na kupindisha viungo ngozi ikiwa laini. Kwa kuwa jasho pia huamrishwa na neva, ngozi isiyo na neva hukauka.

Nimkumbushe msomaji hapa: Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000, lakini wagonjwa wapya wa ukoma bado wapo. Mtu ambaye vidole hivi viwili vinajikunja au kufa ganzi bila ajali yoyote nyuma yake anapaswa kupimwa mapema, maana dawa hutolewa bure na hutumiwa kwa miezi 6 au 12, ilhali neva iliyokwisha kufa hairudishwi na kidonge.

Hisia zinaporudi, hurudi zimevurugika, na ubongo unahitaji kufundishwa upya. Mtaalamu alimpa vipande vya msasa, kitenge, sponji na kopo la mchele lenye vifungo vilivyofichwa ndani. Anavigusa macho yakiwa wazi, kisha akiwa amefumba, kisha anatazama tena kulinganisha. Mwanzoni msasa na kitenge vyote vilimchoma sawasawa. Sasa huvitofautisha, ingawa kifungo cha shati na punje ya harage bado humshinda.

Nauli

Shaka yangu kubwa imekuwa juu ya watu wanaoacha. Sitawalaumu. Fundi asiyefanya kazi hana kipato, kliniki iko daladala mbili kutoka nyumbani, na anachokwenda kufanyiwa huko ni kunyooshwa vidole na kupimwa pembe ya kiungo kwa kifaa kinachofanana na rula ya shule. Ukimwambia kwamba kidole kilikosa digrii 30 kunyooka mwezi uliopita na leo kinakosa digrii 20, atakuuliza lini atabeba kioo.

Karatasi yake ya kuruhusiwa baada ya upasuaji iliandikwa neno moja tu, "mazoezi". Kwa mtu wa kawaida maana yake ni jasho na nguvu, ndiyo maana wenzake walinunua mpira. Ingeandikwa: vinyooshe viungo hivi viwili mara kadhaa kwa siku, usilale bila banzi, kagua ngozi kila jioni, usibebe kitu kizito hadi utakapoambiwa. Ni mistari minne, na mgonjwa ambaye hana nauli ya wiki hii angejua la kufanya nyumbani hadi ya wiki ijayo ipatikane. Mtaalamu wetu sasa humwandikia mistari hiyo kwa mkono wake kwenye kadi, na kumpangia kufika mara chache tofauti na mwanzo. Naona huo ni ujuzi sawa na wa kuunda banzi.

Ikiwa nyuzi hazitafika

Niliuliza swali ambalo mdogo wangu hakutaka kuliuliza: na isipopona?

Jibu lilikuwa la wazi. Kwa watu wazima, misuli midogo ya kiganja mara nyingi hairudi kikamilifu hata neva ikishonwa vizuri, na kuchelewa kwa mdogo wangu kufanyiwa upasuaji kunapunguza matumaini zaidi. Hisia ya kujikinga, ile ya kutambua moto na ncha kali, ina nafasi nzuri kuliko nguvu ya kubana ufunguo. Misuli isipojibu, upo upasuaji wa kuhamisha kano: msuli mmoja wenye afya, ambao mkono unaweza kuukosa, unapewa kazi ya kuyazuia mafundo yasirudi nyuma, yaani kazi inayofanywa leo na banzi. Mgonjwa hulazimika kujifunza upya, kwa fiziotherapia nyingine, kuuamuru msuli ule utende kitu ambacho haukuzaliwa kukitenda.

Lakini hakuna daktari wa upasuaji anayekubali kuhamishia kano kwenye kiungo kilichokaza. Kano mpya haiwezi kunyoosha kidole ambacho mkono wa pili wenyewe umeshindwa kukinyoosha. Kwa hiyo neva ifike au isifike, kinachohitajika ni kilekile: viungo laini, ngozi nzima, na mgonjwa ambaye hajakata tamaa ya kuja.

Alama ya kalamu imeshavuka kifundo na kuingia kiganjani. Mtaalamu akimwambia asukume kidole cha mwisho nje, kuna msuli unaotetemeka kwenye ukingo wa kiganja. Kidole hakisogei, ila ukigusa hapo unauhisi ukijikaza. Shimo la kati ya gumba na shahada liko palepale. Daktari wa upasuaji amempangia kipimo kingine kabla ya uamuzi wa kuhamisha kano, na mwajiri wake amekubali kumpa kazi ya kuchukua vipimo vya madirisha kwa sasa, kwa sharti la mtaalamu kwamba vioo vibebwe na wengine na kwamba glavu isitoke mkononi akiwa karakana.

Anaishika kalamu kwa shida, lakini namba zake zinasomeka.